Kwa mkamwana wa Magu: watu wa Amazoni hujifunzaje lugha bila darasa?

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Tanga mjini, nimekua na Kiswahili tu. Nimeolewa Magu na tunaishi na wakwe. Huu ni mwaka wa pili najifunza Kisukuma. Nina daftari limejaa maneno, nina kijana ananifundisha kwa malipo, lakini nikifungua mdomo tu mawifi wanaangua kicheko, nami narudi kwenye Kiswahili. Nimesoma kwamba kuna watu wa asili huko Amazoni ambao kila mmoja anajua lugha nne au tano bila kukanyaga darasa. Wanafanya nini ambacho mimi sifanyi? Halafu mama mkwe anamsemesha mwanangu wa mwaka mmoja na nusu Kisukuma kitupu. Kuna jirani kanionya kuwa mtoto atachanganyikiwa na kuchelewa kusema. Ni kweli?"

Marahaba, mwanangu. Ulichosoma ni kweli, na kinakuhusu kuliko ulivyodhani, maana wanaosifika zaidi kwa jambo hilo ni wanawake walioolewa kwenye lugha isiyo yao, kama wewe.

Nadhani ulikuwa unasoma habari za bonde la mto Vaupés, kaskazini-magharibi mwa Amazoni, pale Kolombia inapopakana na Brazil. Kuna makabila zaidi ya 20 pale: Watukano, Wadesano, Wabará, Watuyuka, Watariana na wengineo. Mengine ni madogo sana, lakini kila moja lina lugha yake. Karibu wote wanashika mwiko mmoja: anayesema lugha ya baba yako ni ndugu yako, kwa hiyo hamuoani. Mchumba lazima atoke kwenye lugha nyingine. Zamani ndugu wa kiume waliishi pamoja na familia zao ndani ya nyumba moja ndefu, na wake zao walitoka kila mmoja upande wake wa mto. Mtoto akizaliwa humo anasikia lugha ya baba, anasikia lugha ya mama, anasikia lugha za wake za baba zake wakubwa na wadogo, na juu ya hizo kuna Kitukano, ambacho ndicho lugha ya kuelewana ya eneo kubwa la bonde hilo.

Mke akiingia hapo haleti lugha yake mezani. Watoto wake anawasemesha lugha ya mumewe, maana hiyo ndiyo lugha yao kwa ukoo. Ya kwao anaitumia akikutana na mwanamke mwingine wa upande wake, au ndugu zake wakija kumtembelea. Na bado watoto wanakua wanaielewa, na wakifikia ujana wengi wanaisema. Hakuna aliyewafundisha. Walikuwepo tu wakati mama anaongea na shoga yake.

Mtafiti Arthur Sorensen, aliyechapisha taarifa yake juu ya eneo hilo mwaka 1967, alikuta kwamba kusema lugha tatu au nne ni jambo la kawaida kwa kila mtu, na wapo wanaozidi hapo. Sehemu ya watoto haikunishangaza sana, maana watoto ni watoto. Kilichonishika ni jinsi alivyoeleza mtu mzima anavyojifunza lugha mpya ukubwani. Anasema mtu huyo hafanyi mazoezi ya kuongea lugha ambayo hajaijua vizuri. Anasikiliza. Anamwomba ndugu anayeijua ampe maneno, maumbo yake, vifungu vya kusema, anavihifadhi kichwani, huku anazoea jinsi lugha inavyosikika. Mara mojamoja, ikitokea nafasi inayofaa, anajaribu kusema. Isipokuja kwa wepesi, anaiacha, wala hailazimishi. Siku akijiona yuko tayari, anaanza. Ukiwauliza wenyewe inachukua muda gani, wengi wanakisia angalau mwaka mmoja hadi miwili.

Soma tena mstari huo wa mwisho. Watu tunaowaona mabingwa wa dunia kwa kujua lugha nyingi wanajipa mwaka mmoja hadi miwili au zaidi, tena katika mazingira yanayowabeba. Wewe uko mwaka wa pili na unajiona umefeli.

Kwa hiyo daftari lako usilichome. Hata wao wanakusanya maneno. Tatizo ni haraka. Kwa ulivyoeleza, nahisi unachota neno asubuhi na jioni umeshalipeleka sebuleni, kabla sikio lako halijalisikia likitumiwa na watu watano tofauti, kwa hasira, kwa utani, kwa kunong'ona. Na Kisukuma kinakudai zaidi hapo, kwa sababu ni lugha ya toni. Silabi inapandishwa au inashushwa, na kupanda na kushuka huko ni sehemu ya neno lenyewe. Kiswahili hakina hilo, kwa hiyo sisi tuliokua nacho peke yake tunalisikia kama mwimbo fulani hivi na kulipuuza. Ukiliandika neno daftarini kwa herufi za kawaida, toni imebaki nje. Ukilisoma unalitamka kwa mkazo wa Kiswahili, silabi ya pili kutoka mwisho, na nina hakika kubwa kwamba sehemu nzuri ya kile kicheko cha mawifi inatoka hapo. Maneno yako huenda ni sahihi kabisa.

Tena usidhani huko Vaupés watu hawachekani. Mwanaisimu Alexandra Aikhenvald, aliyefanya kazi miaka mingi na Watariana, ameeleza kwamba kwao mtu anayechomeka maneno ya Kitukano ndani ya Kitariana anadharauliwa na kuonekana hajui kitu. Ni wakali kuliko mawifi zako. Ndiyo maana wanasikiliza muda mrefu kabla ya kufungua mdomo, na ndiyo maana kunyamaza kwao hakuhesabiwi kuwa ujinga. Anayejifunza anakaa kimya na kila mtu anajua kwamba yuko kazini. Kwetu, hasa sisi tuliopita shule, ukimya tunausoma kuwa hujui. Mwalimu anauliza, lazima mkono unyooshwe. Kozi za lugha nazo, za darasani na za simu, zinakutaka useme tangu somo la kwanza. Mimi sisemi hilo ni kosa kwa kila mtu, wapo wanaofaidika nalo. Ila kwa mtu anayeishi ndani ya lugha saa zote, kama wewe, sioni sababu ya kujitesa hivyo.

Sasa kuna jambo hukuliandika na mimi nalihisi. Wewe ukiingia jikoni, wale waliokuwa wanaongea Kisukuma wanahamia Kiswahili, sivyo? Ni adabu. Hawataki ujione mgeni. Lakini adabu hiyo ndiyo inayokunyima chakula. Mke wa Vaupés hapewi heshima ya namna hiyo, nyumba inaendelea na lugha yake na yeye anaogelea humo humo. Wewe una Kiswahili cha kukimbilia, na wao pia wana Kiswahili cha kukukaribisha nacho, kwa hiyo kila mtu anakwenda kwenye urahisi. Unaweza kukaa miaka kumi namna hiyo.

Dawa yake nimeiona ikielezwa vizuri zaidi Australia. Kuna kijiji kinaitwa Warruwi, kwenye kisiwa cha South Goulburn, pwani ya kaskazini, ambacho mwanaisimu Ruth Singer amekitafiti. Watu wake ni mia chache, na lugha za wenyeji zinazosikika hapo kila siku zinakaribia kumi: Kimawng ndiyo yenye nguvu, halafu Kiyolngu, Kikunwinjku na nyingine. Huko si ajabu kukuta mke anasema Kimawng, mume anamjibu kwa Kiyolngu, na wameishi hivyo miaka na miaka na mambo yao yanakwenda. Kila mmoja anaielewa lugha ya mwenzake vizuri kabisa. Hawaisemi kwa sababu kwao lugha ni mali ya ukoo na ardhi yake, na kuisema lugha ya watu ni kama kudai haki usiyokuwa nayo. Kwa hiyo kuelewa bila kusema ni ujuzi kamili, una heshima yake, na mtu akihesabu lugha anazozijua anaweza kuitaja na hiyo.

Jaribu mpango huo. Chagua siku tulivu, mumeo akiwepo, umwambie mama mkwe kwa heshima: "Mayu, naomba kuanzia leo mnisemeshe Kisukuma tu, hata kama sijaelewa. Mimi nitajibu kwa Kiswahili mpaka ulimi uzoee." Hapo umeondoa mambo mawili kwa mpigo. Hakuna tena haja ya wao kuhama, na hakuna cha kuchekwa, maana husemi kitu cha kuchekesha. Unaelewa, unajibu, maisha yanaendelea. Wiki za kwanza utaelewa robo. Lakini kumbuka unao mtaji ambao mtu aliyetoka Ulaya hana: Kiswahili na Kisukuma zote ni za Kibantu. Ukishazoea kwamba *mtu* ni *munhu*, *watu* ni *banhu* na *kitu* ni *ginhu*, sikio linaanza kufanya hesabu lenyewe, na maneno mengi yatakujia bila daftari.

Siku utakapoanza kusema, weka sheria nyumbani. Hapa nakupeleka kwa Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, ambao hali yao ilikuwa mbaya kuliko yako: walikuwa wageni katika lugha yao wenyewe. Vizazi viwili vitatu walikuwa wameadhibiwa shuleni kwa kuisema, na wazazi wengi wakaacha kuwarithisha watoto. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wanawake wawili, Kāterina Mataira na Ngoi Pēwhairangi, walianzisha madarasa ya watu wazima yanayoitwa Te Ataarangi. Vifaa vyake ni vijiti vya rangi mbalimbali, njia waliyoichukua kwa mwalimu Caleb Gattegno, mzaliwa wa Misri. Unachukua kijiti chekundu, unakiweka juu ya cha buluu, unasema ulichofanya. Lakini kiini cha madarasa hayo ni sheria zake, na sheria hizo ni za Kimaori kabisa. Kiingereza hakisemwi. Humdharau mwenzako. Unajibu swali uliloulizwa wewe, si la jirani yako. Na ile ninayoipenda kuliko zote: mwenzako akikwama, humtajii neno. Unamwacha. Chumba kizima kinasubiri mpaka alipate mwenyewe.

Nyumba ya wakwe si darasa, na huwezi kuwawekea mawifi sheria zote hizo. Waombe mbili tu: ukikwama wasikumalizie sentensi, na wakicheka wakuambie hapo hapo neno linatamkwaje, kisha waendelee na yao. Kicheko kinachofuatwa na neno sahihi hakina ubaya, maana umeondoka na kitu.

Halafu hama sebuleni. Sebuleni lugha inakujia kama maswali: umelalaje, umekula, mtoto anaendeleaje. Hayo umeshayajua. Lugha nyingi iko kwenye kazi. Mtafiti Barbara Rogoff na wenzake wametafiti miaka mingi jamii za Wamaya wa Guatemala, ambako watoto hawatengwi na kazi za wakubwa na hujifunza kwa kutazama na kutia mkono. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2009, watoto wawili wa familia moja walikaa chumbani. Mmoja anaelekezwa jinsi ya kutengeneza kitu cha kuchezea, mwenzake ameambiwa asubiri zamu yake. Wiki moja baadaye yule aliyekuwa anasubiri akapewa kitu kile kile alichofundishwa mwenzake, bila kuambiwa mapema. Watoto wa Kimaya kutoka familia zinazoshika mila walikumbuka zaidi na walihitaji msaada mdogo kuliko watoto wa Wamarekani wa tabaka la kati. Wakati wa kusubiri macho yao yalikuwa kazini, ingawa somo halikuwa lao.

Ndiyo maana nakwambia nenda ukakae kwenye michembe, vile viazi vitamu vya kukata na kuanika. Msimu wa viazi mama mkwe akikaa chini na kisu, kaa naye. Kazi ile ina vitendo vichache vinavyorudiwa mara mia: menya, kata, anika, geuza, anua mvua inakuja. Kila tendo unaliona kwa macho wakati neno lake linapita sikioni, na toni yake, na kelele zake zote. Wanawake wanne wakikaa hapo wataongea mambo ya kijiji kizima, na hawatakumbuka kuhamia Kiswahili kwa ajili yako, kwa sababu mikono yako iko kazini na wewe ni mmoja wao. Usiandike chochote hapo. Jioni, kama kuna neno limekuganda, liulize, ndipo uliandike. Daftari lifuate sikio.

Kuhusu mtoto, jirani yako kakosea, na hili naweza kulisema bila kusita. Kijana wa Vaupés anakua na lugha nne na hachanganyikiwi. Hapa kwetu, kuzunguka ziwa Eyasi, kuna Kihadzabe, Kiiraqw, Kidatoga na Kiisanzu, lugha zisizo na undugu wa karibu hata kidogo, na watu wanapita kutoka moja hadi nyingine toka utotoni. Mwanao ataweka neno la Kisukuma ndani ya sentensi ya Kiswahili. Ni kawaida, litapita. Ukitaka kujua ana maneno mangapi, hesabu ya lugha zote mbili pamoja, maana ukihesabu Kiswahili peke yake utajitia hofu bure.

Kuna habari nyingine itakayokupa moyo. Huko Tenejapa, kwenye milima ya Chiapas nchini Mexico, Wamaya wasemao Kitseltal wanabeba watoto mgongoni mchana kutwa na hawana desturi ya kuwasemesha sana. Mtafiti Marisa Casillas na wenzake walirekodi siku nzima za watoto kumi wa chini ya miaka mitatu, wakachapisha matokeo mwaka 2020. Maneno aliyoelekezewa mtoto mwenyewe yalikuwa chini ya dakika nne kwa saa. Hata hivyo watoto hao walianza kubwabwaja, kusema neno la kwanza na kuunganisha maneno katika umri ule ule tunaoutarajia kwa watoto wa kwingine. Usije ukasema mwalimu kaandika mtoto asisemeshwe, msemeshe sana, ni raha yenu wote wawili. Ninachosema ni kwamba mtoto anayesemeshwa na bibi kwa Kisukuma na mama kwa Kiswahili, na kuzungukwa na mawifi wanaopiga soga, hana upungufu wowote. Ila kama kwa umri huu wa mwaka na nusu hana neno hata moja la lugha yoyote, au haitiki akiitwa, usingoje, mpeleke hospitali wampime masikio. Usisingizie Kisukuma.

Ila nisikuuzie ndoto. Watu tunawasimulia hawa wa Vaupés kana kwamba wana damu ya lugha. Hawana. Mfumo wao ulisimama kwa sababu kila lugha ilikuwa na mahali pake na mtu hakuona haya kuwa nayo. Wamisionari Wakatoliki wa shirika la Wasalesiani walipofungua shule za bweni huko upande wa Brazil katika karne ya 20, watoto walikatazwa lugha za kwao, na watu wakahimizwa waziache nyumba ndefu. Kitariana leo kina wasemaji wachache mno, na Watariana wengi wanasema Kitukano na Kireno. Wilaya ya São Gabriel da Cachoeira, huko huko Brazil, ilikuja kuzitambua rasmi lugha za Kitukano, Kibaniwa na Nheengatu kando ya Kireno mwaka 2002, na nyingine ndogo zikabaki nje. Msomaji yeyote aliyewahi kuvalishwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya nyumbani shuleni anaijua hadithi hiyo. Kwenu Magu Kisukuma bado kina nguvu, hakuna kabila kubwa zaidi Tanzania. Lakini ndani ya nyumba yenu Kiswahili ndicho kinachojibiwa, na mwanao atakapoanza shule kitaongezeka tu. Bibi akiendelea kumsemesha Kisukuma kitupu anakusaidieni, mwacheni aendelee.

Umeniuliza pia, kwa mzunguko, kama uendelee kumlipa yule kijana. Mlipe, lakini mbadilishie kazi. Asikufundishe salamu na majina ya wanyama. Mama mkwe akiridhia, rekodi kwa simu robo saa ya mazungumzo ya kwenye michembe, umpe kijana akueleze kilichosemwa sentensi kwa sentensi, na toni akusahihishe hapo. Mara moja kwa wiki inatosha. Na rekodi hizo usizisambaze kwenye makundi ya simu, maana kwenye michembe watu wanasengenyana.